Mwongozo Kamili: Kupata Kibali cha Matumizi ya Ardhi kwa Biashara Ndogo Inayopakana na Nyumba za Watu

Wengi wanaoniletea barua zao za kukataliwa wamekwama mahali pamoja. Biashara ni halali, mtaji upo, jengo limepatikana, lakini maombi yamerudi na mstari mmoja: matumizi hayaendani na makazi jirani. Ukifungua faili unakuta fomu, nakala ya kitambulisho, na barua ya ukurasa mmoja inayosema biashara itatoa ajira. Hakuna neno kuhusu kelele, magari, taa wala saa za kazi. Mjumbe wa kikao kinachoamua maombi haya alikuwa na swali moja tu kichwani, yaani atakayelala upande wa pili wa ukuta ataathirika vipi, na faili halikumjibu.

Mwongozo huu ni wa kulijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Majina ya ofisi, fomu na vibali hubadilika kutoka nchi hadi nchi, hata kutoka mji hadi mji, lakini mpangilio wa kazi haupishani sana.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua ya kwanza kabla hujavikusanya hivi, kwa sababu kila kimoja kitaitwa mara zaidi ya moja:

- Nakala ya hati ya kiwanja, au mkataba wa pango pamoja na barua ya mwenye nyumba inayokuruhusu kuomba kibali. Mpangaji bila barua hiyo hurudishwa mlangoni.
- Ramani ya upimaji inayoonyesha mipaka na vipimo vya kiwanja.
- Namba ya kiwanja kama ilivyo kwenye kumbukumbu za ofisi ya ardhi, isiwe anwani ya barabara peke yake.
- Kanuni za matumizi ya ardhi za mji wako na ramani yake, toleo linalotumika sasa.
- Futi kamba ya mita 30 au zaidi, simu yenye kamera, na kifaa cha kupima sauti. Programu ya simu inatosha kwa makadirio ya mwanzo.
- Daftari moja la kuandika kila mazungumzo: tarehe, jina la uliyezungumza naye, alichosema. Wengi huliona kama kitu kidogo, halafu hulitafuta siku ya kikao.

## Hatua ya 1: Jua kiwanja kimepangiwa nini kabla ya kusaini pango

Fungua ramani ya matumizi ya ardhi, tafuta kiwanja chako, andika alama ya eneo lake. Kisha nenda kwenye kanuni, usome orodha ya matumizi chini ya alama hiyo. Fanya hivyohivyo kwa viwanja vyote vinavyopakana nawe. Wanaoshindwa wengi husoma eneo lao tu. Kumbe kanuni nyingi huongeza masharti pale biashara inapogusa makazi: nafasi kubwa zaidi ya kuacha mpakani, ukuta wa lazima, kikomo cha urefu wa jengo, wakati mwingine saa za kufunga.

Soma na hati yenyewe. Kuna viwanja ambavyo ramani ya mji inaruhusu biashara lakini hati ina sharti la makazi pekee. Kibali cha mipango miji hakifuti sharti lililo kwenye hati; ni mambo mawili, na yote mawili lazima yakae sawa.

Tahadhari. "Hapa palikuwa na karakana miaka yote" si ruhusa. Biashara ya zamani inaweza kuwa ilivumiliwa kwa sababu ilianza kabla ya kanuni, na sehemu nyingi uvumilivu huo hukoma biashara ikisimama kwa muda uliowekwa au ikibadilika aina. Uliza tarehe ya mwisho iliyofanya kazi, na utake ushahidi wa maandishi.

Kama jengo ni la kupanga, weka kifungu kwenye mkataba kwamba pango linaanza siku kibali kitakapotoka, na kwamba kikikataliwa unarudishiwa amana. Nimeona watu wakilipa pango la chumba kitupu huku maombi yakizunguka mezani kwa miezi. Wengine walikubali masharti mabaya kwa sababu ya uchovu tu.

Umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi moja: kiwanja changu kiko eneo fulani, biashara yangu iko kwenye kundi fulani la matumizi, na upande fulani napakana na makazi.

## Hatua ya 2: Tambua ni kibali gani unachoomba

Hapa ndipo ada nyingi hupotelea. Kuna milango minne, na kila mmoja una mtihani wake.

Matumizi yanayoruhusiwa moja kwa moja. Biashara yako imo kwenye orodha. Unachohitaji ni uthibitisho wa maandishi na kutimiza vipimo. Majirani hawapigi kura juu yake.

Matumizi yanayoruhusiwa kwa masharti. Kanuni inasema biashara hiyo inaweza kukaa hapo ikiwa madhara yake yatadhibitiwa. Biashara ndogo nyingi zilizo karibu na nyumba hupitia mlango huu. Mtihani ni madhara: kelele, magari, harufu, taa, saa.

Kulegezewa kipimo. Biashara inaruhusiwa, ila kiwanja hakitoshi kwa kipimo fulani. Mfano, kanuni inataka mita 6 kutoka mpakani na wewe una mita 4.5. Sababu inayosikilizwa hapa ni ya ardhi yenyewe: kiwanja kina umbo la pembetatu, kina mteremko mkali, kimekatwa na mtaro. Ukiandika kwamba kutimiza kipimo kutakugharimu pesa nyingi, umejikataa mwenyewe, maana gharama peke yake mara nyingi haihesabiwi kuwa sababu.

Kubadilisha matumizi ya eneo lenyewe. Huu ni mlango mzito. Hapa hoja si biashara yako tu. Ni kila kitu kitakachoruhusiwa kwenye kiwanja hicho baada yako. Jirani anayekupenda anaweza kupinga kwa haki kabisa, kwa sababu kesho unaweza kuuza na akaja mwenye baa. Ukiweza kupita mlango wa pili, usigonge huu wa nne.

Ukiona biashara yako haitajwi popote kwenye kanuni, omba tafsiri ya maandishi kutoka ofisi ya mipango miji kuhusu kundi inaloingia. Jina lina uzito. Fundi anayetengeneza makabati kwa oda, watu watatu na mashine mbili, akijiita "kiwanda cha samani" atasomewa masharti ya kiwanda.

## Hatua ya 3: Kaa na ofisa mipango miji kabla ya kujaza fomu

Omba miadi ya mazungumzo ya awali. Nenda na ramani na picha za eneo, na maswali manne: je, nimechagua kibali sahihi? Viambatisho gani vinahitajika? Nani atajulishwa, na kwa umbali gani kutoka mpakani? Maombi ya mwisho yanayofanana na haya yalikwama wapi?

Swali la nne lina faida kuliko yote. Maofisa wengi hulijibu kwa moyo, kwa sababu nao wamechoka kurudisha faili pungufu.

Jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi: "Asante kwa muda wako. Nilivyoelewa ni kwamba…" Maneno ya mdomo hayamfungi mtu, na ofisa anaweza kuhamishwa kesho.

## Hatua ya 4: Pima madhara kwa namba

Hii ndiyo hatua iliyokosekana kwenye faili karibu zote nilizosoma, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

### Kelele

Usipimie sauti kwenye mashine. Pimia mpakani, upande wa dirisha la jirani. Pima mara mbili: mtaa ukiwa kimya bila biashara yako, kisha mashine zikiwaka. Fanya hivyo asubuhi, mchana na usiku, kwa sababu mtaa wa saa 8 mchana na mtaa wa saa 4 usiku ni mitaa miwili tofauti.

Kanuni tatu za sauti zitakusaidia kukadiria. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidishwa mara mbili kutoka kwenye chanzo kimoja kidogo, sauti hupungua takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mashine mbili zenye sauti sawa zikiwaka pamoja huongeza desibeli 3 tu. Na ukuta usio na matundu, ukiwa mrefu kiasi cha kukata mstari kati ya mashine na sikio la jirani, hupunguza kama desibeli 5.

Tuseme mashine yako iko uani na inatoa desibeli 85 ukisimama mita 1. Mita 2 itakuwa 79, mita 4 ni 73, mita 8 ni 67, mita 16 ni 61. Ongeza ukuta, unapata kama 56. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1999 inasema nje ya nyumba mchana sauti isizidi desibeli 55 ili watu wengi wasikerwe sana, na ile ya mwaka 2009 kwa Ulaya ikapendekeza wastani wa usiku usizidi 40. Hizo ni wastani wa saa nyingi, na kikomo kinachokubana wewe ni cha kanuni za mji wako. Lakini hesabu hiyo imeshakwambia kitu: umbali na ukuta peke yake havitoshi, mashine lazima iingie ndani na milango ya upande wa makazi ifungwe wakati wa kazi.

Safu moja ya miti haizuii sauti kwa kiasi cha kutegemea. Panda kwa ajili ya macho na vumbi, lakini usiandike kwenye maombi kwamba ua wa miti ni kinga ya kelele. Mjumbe anayejua atakushika hapo.

Siku moja nilisimama na fundi seremala kwenye ua wa jirani yake, saa 12 jioni, kijana wake akiwa ndani anawasha mashine moja baada ya nyingine. Msumeno tulioutarajia kuwa adui ulisikika kwa mbali. Kilichotukera ni feni ya kuvutia vumbi, ambayo bomba lake lilikuwa limetobolewa ukutani likielekea moja kwa moja dirishani kwa jirani, likivuma bila kupumzika hata misumeno ilipozimwa. Fundi mwenyewe hakuwa akiisikia tena, alikuwa ameizoea. Bomba likageuzwa upande wa barabara, likawekewa kizuia sauti, na ndilo jambo la kwanza tuliloandika kwenye maombi. Ndiyo maana nasema nenda ukasimame huko kwa miguu yako.

### Magari

Kaa mbele ya kiwanja uhesabu magari yanayopita kwa vipindi vya dakika 15, asubuhi watu wanapoenda kazini na jioni wanaporudi, siku mbili za kazi na siku moja ya mapumziko. Kisha kadiria yako.

Chukua saluni ya viti 4. Watu hudhani itahitaji nafasi 4 za wateja. Lakini wateja wanaotoka hupishana na wanaoingia, kwa hiyo kwa dakika chache kuna wateja 8 eneo hilo, na wafanyakazi wao. Ukiacha pengo la dakika 15 kati ya miadi na miadi, mpishano huo unaisha. Hilo ni sharti unaloweza kuliandika na kulitimiza bila kununua hata mita moja ya ardhi.

Taja na magari ya mizigo: ukubwa, siku, saa, na yanageukia wapi. Lori linalorudi kinyumenyume hadi barabarani ni pingamizi tosha.

### Taa, harufu na taka

Taa zifunikwe juu na pembeni, zielekee chini, na zizimwe kwa saa maalumu. Mwanga wa joto, kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga) au chini yake, hausumbui kama ule mweupe mkali. Harufu ipimwe kwa mwelekeo wa upepo wa jioni, wakati watu wamefungua madirisha. Taka ziwe na mahali pake na siku ya kuondolewa.

Umefanikiwa ukiwa na jedwali la ukurasa mmoja: madhara, kipimo cha sasa, kipimo kinachotarajiwa, utakachofanya kukidhibiti.

## Hatua ya 5: Chora kila kitu, hata pipa la taka

Mchoro wa eneo uwe wa kipimo kinachosomeka; 1:200 hufaa viwanja vingi vidogo. Uonyeshe mshale wa kaskazini, mipaka, majengo yako, umbali hadi mpakani, maegesho, lango, njia ya watembea kwa miguu, taa, mashine za nje, mitaro ya maji ya mvua, na mahali pa taka.

Sasa ongeza kitu ambacho fomu mara nyingi haikiulizi: chora nyumba za jirani na madirisha yake. Ukishaweka madirisha, mchoro unaanza kukusahihisha wenyewe. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo tuligundua pipa la taka limewekwa mita 1 kutoka ukuta wa chumba cha kulala cha mtoto. Lingepita hivyo hadi siku ya kikao.

Tahadhari. Usichore maegesho ambayo gari haliwezi kuyafikia. Chukua gari halisi, liingize, ligeuze, litoe. Kama haliwezi, nafasi hiyo haipo.

## Hatua ya 6: Waone majirani kabla tangazo halijawafikia

Mtu akisikia habari zako kwa mara ya kwanza kwenye tangazo la maombi yako lililobandikwa ukutani, anajiona amezungukwa. Mtangulie.

Nenda jioni, ukiwa na mchoro mkononi, wewe mwenyewe. Usimtume wakala. Anza na wanaopakana nawe ukuta kwa ukuta, kisha wa ng'ambo ya barabara. Usiulize kama wanakuunga mkono. Swali hilo linamlazimisha mtu kuchagua upande kabla hajaelewa. Uliza: "Ni kitu gani hapa kingekusumbua?" Halafu nyamaza uandike.

Kwa yule fundi, tulijiandaa kujibu kuhusu vumbi. Mama mmoja wa makamo aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akasema: "Mwanangu, karakana sina tabu nayo. Ninachoogopa ni lori la mbao. Nina mgonjwa ndani, na lori huwa linakuja alfajiri." Hakuna mtaalamu ambaye angetuambia hilo. Mbao zikahamishiwa saa 4 asubuhi. Siku ya kikao mama yule alikuja, akakaa mstari wa nyuma, na hakupinga.

Usiahidi usichoweza kutimiza, na usitoe pesa wala zawadi. Kukusanya saini kunafaa, lakini saini ishirini za watu wa mbali hazina uzito wa barua moja ya anayepakana nawe.

Wapo watakaokataa kabisa. Waheshimu, andika hoja zao kwa uaminifu, na uzijibu kwenye maombi bila kuwataja majina.

## Hatua ya 7: Andika barua ya maelezo na ujiwekee masharti mwenyewe

Kurasa mbili hadi tatu zinatosha. Eleza biashara kwa vitendo: watu wangapi, mashine gani, saa ngapi, wateja wangapi kwa siku. Chukua vigezo vya kanuni kimoja kimoja, vitumie kama vichwa vidogo, na ujibu kila kimoja ukirejea jedwali lako na mchoro.

Kisha pendekeza masharti. Wajumbe wanaogopa kuidhinisha kitu wasichoweza kukidhibiti baadaye, na sharti lililoandikwa vizuri huwapa pa kushika. Andika yanayopimika:

- "Mashine zitafanya kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa."
- "Milango ya upande wa makazi itafungwa mashine zikiwaka."
- "Mizigo itapokelewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana pekee."
- "Malalamiko yatapokelewa kwa namba iliyobandikwa langoni na kujibiwa ndani ya saa 48."

Sentensi kama "tutapunguza kelele kadiri iwezekanavyo" ifute. Haina maana kwa anayesoma, na hakuna anayeweza kuipima.

Tahadhari. Usijifunge saa ambazo biashara haiwezi kuishi nazo. Sharti likishaandikwa kwenye kibali, kulivunja kunaweza kukunyang'anya kibali chenyewe.

## Hatua ya 8: Wasilisha, na usimamie tangazo

Lipa ada, chukua risiti, na omba uthibitisho wa maandishi kwamba maombi yamekamilika. Muda wa ofisi kwa kawaida huanza kuhesabiwa hapo.

Tangazo likibandikwa, lipige picha siku ya kwanza na kila siku chache, tarehe ikionekana. Likianguka, toa taarifa libandikwe upya. Tangazo lenye namba ya kiwanja iliyokosewa, au lililokaa siku pungufu, linaweza kufanya uamuzi mzuri ubatilishwe baadaye.

## Hatua ya 9: Siku ya kikao

Mara nyingi utapewa dakika chache. Usizimalizie kwenye historia ya maisha yako. Onyesha mchoro, taja madhara matatu makubwa, sema utakachofanya kwa kila moja, taja kilichobadilika baada ya kuzungumza na majirani. Kaa chini.

Wanaopinga wakisema, andika. Ukipewa nafasi ya kujibu, jibu hoja, usimguse mtu. Anayesema biashara itashusha thamani ya nyumba yake ana hofu ya kweli. Mrudishe kwenye jedwali na masharti. Kukiibuka jambo usilolijua, omba kikao kiahirishwe ulipime. Wiki chache za kusubiri ni afadhali kuliko kukataliwa, kwa sababu baadhi ya miji humzuia aliyekataliwa asiombe tena kwa muda fulani.

## Hatua ya 10: Baada ya uamuzi

Ukikubaliwa, soma masharti yote kabla ya kuondoka, na uulize lisiloeleweka. Uliza pia kipindi cha rufaa cha wapinzani kinaisha lini. Ukianza kujenga kabla hakijaisha, unajenga kwa hatari yako. Angalia tarehe ya mwisho ya kuanza kazi, maana vibali vingi hufa visipotumiwa. Na kumbuka hiki ni kibali cha matumizi ya ardhi tu. Kibali cha ujenzi, leseni ya biashara, ukaguzi wa afya na wa zimamoto vina foleni zake.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi siku hiyohiyo. Tia alama kwenye kalenda siku ya mwisho ya rufaa, ambayo huwa karibu na haiongezwi kirahisi. Kisha chagua. Ikiwa sababu ni kosa la utaratibu au kigezo kilichotumiwa vibaya, kata rufaa, na hapo tafuta mwanasheria. Ikiwa sababu ni madhara ambayo hukuyajibu, rufaa haitakusaidia sana. Rudi hatua ya 4 na futi kamba yako, usimame tena kwenye ua wa jirani saa 12 jioni.